Kilima Bila Mutu

Butembo, Vulamba, tarehe 8 Januari

Yaya Léa,

Maji imeshuka! Jana asubuhi tulifungua réservoir yetu ya maji ku kilima ya Vulamba, na hata mbele bakubwa bamalize kusoma ma discours yao, bamama balikuwa bameshaweka ma bidon chini ya robinet. Mumoja alinishika mukono akaniita "Commandant wa maji." Ile jina hawajaiacha. Niliacha jeshi tangu zamani, nilirudi ku masomo, nilikaa ku banc moja ya darasa na batoto ya umri ya batoto yangu, leo niko ingénieur wa mairie ya muji, mais motard, mutu wa pikipiki, akinipita ku barabara anapiga salut: "Mon commandant!"

Wewe unajua juu ya nini niliacha kanoni. Mutu wa kanoni anapima kilima, anapima upepo, anatuma bombe nyuma ya mulima, na kule inaanguka yeye hafiki hata siku moja. Hajui nani alikuwa anapika kule. Nilichoka kupima mahali sifiki. Sasa nikipima caniveau ya maji ya mvua, kesho napita juu yake na miguu yangu.

Kitu ingine, na usikasirike. Motard mumoja aliniambia aliona moshi ku shamba ya baba, kule Kitsimba. Nani iko kule? Tulisema mbele ya familia yote: hakuna mutu atajenga, hakuna mutu atalima, mpaka sisi wawili tugawane. Batoto yangu hapana, batoto yako hapana. Niambie ukweli.

Nakuandikia barua juu ku simu unalalamika kwamba naitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Masikio yangu ilibaki ku jeshi. Issaka atakuletea hii na camion yake, pamoja na sabuni kidogo.

Mudogo wako,
Stanislas Kakule


Beni, tarehe 17 Januari

Mudogo wangu Kakule,

Barua imefika, na sabuni. Issaka aliileta yeye mwenyewe mpaka ku mulango, na kofia yake ya Ijumaa ku kichwa. Alikataa chai juu alikuwa anakimbilia sala. Kama madereva bote bangekuwa na adabu ya ule Muislamu, barabara yetu ingekuwa na makaburi kidogo.

Nimefurahi juu ya maji. Mama angekuwa muzima angeimba mu kanisa mpaka padiri amunyamazishe.

Kuhusu Kitsimba, tuliza roho. Hakuna mutu. Ile moshi ni ya bachoma makala, balipita, bakaenda zao. Kule kuko eucalyptus na majani tu. Mimi ni mukubwa wako: nikisema hakuna mutu, hakuna mutu. Na ile mambo ya kugawana, tutaizungumuza siku utakuja huku kunisalimia sawa mutoto wa mama yangu, si sawa mupima-mashamba.

Falonne wangu anakusalimia. Yeye na bwana yake Luc na kale katoto kao Bénie balitoka hapa mu quartier, mu mutaa yetu, juu shamba yao ilikuwa upande ule banaua batu. Bako huku na huku, banatafuta maisha. Usihangaike juu yao.

Huku kwetu mutu akienda kulima anaaga sawa mutu anapanda ndege. Banasema vita ya kusini inapanda mpaka kwenu. Na banasema tena, Kakule, kwamba bazamani ba kanoni bataitwa. Uliapa mbele ya kaburi ya mama. Kumbuka.

Yaya wako,
Léa Kanyere


Butembo, tarehe 2 Februari

Yaya Léa,

Utanisamehe mwandiko.

Juzi nilikuwa ku bureau nachora daraja ndogo ya Kimemi, mulango ikafunguka bila hodi. Askari wawili, na nyuma yao kanali. Nilisimama, ile kusimama ya zamani, mwili yenyewe ilisimama. Kanali akatoa béret, akacheka:

— Mon commandant, umenisahau?

Ni Ananie. Ule kijana nilimufundisha mimi mwenyewe kusoma ramani, alikuwa anashika boussole ya kuonyesha njia sawa mutu anashika yai. Leo iko na tumbo na ma nyota.

Hakukaa. Aliinama juu ya ramani yangu ya maji, akaweka kidole juu ya réservoir.

— Kanoni zangu zitakaa hapa. Kuko barabara, kuko ukuta, na kutoka hapa naona njia yote ya kusini. Umenitayarishia kila kitu, mon commandant.

Ile barabara niliikata juu bamama bapande na ma bidon. Na mubaya zaidi, alikuwa anasema kweli! Ni mahali muzuri sana ya kuweka kanoni. Zamani mimi mwenyewe ningepachagua bila kufikiri.

Nilimuambia: "Ananie, mutu akituma bombe, bale ingine banatafuta kwenye ilitoka, banairudisha pale pale. Si mimi nilikufundisha hiyo? Chini ya hii réservoir kuko manyumba mpaka ku soko. Na udongo ya hapa, mvua ikinyesha, inateremuka hata bila kanoni. Ukipiga, ukuta inapasuka, maji inashuka na batu."

Aliniangalia.

— Donc nionyeshe mahali ingine. Leo. Kama hapana, nabaki hapa.

Nilimuonyesha. Jina ya mahali siandiki, juu barua inaweza kufunguliwa ku njia. Ni mahali hakuna mutu, Yaya. Hakuna hata mumoja. Sikuvaa uniforme, sikugusa kanoni. Nilinyoosha kidole tu. Vulamba imepona, réservoir imepona.

Tangu ile siku kila asubuhi napanda kuangalia ile réservoir. Sijui juu ya nini.

Stanislas


Beni, tarehe 9 Februari

Kakule,

Mbele nipate barua yako, nilisikia ku soko. Unajua aibu gani ile? Nilikuwa nachagua maharagi, mwanamuke mumoja akasema: "Mudogo wako amerudi ku jeshi, balimuona ndani ya jeep na bakanali." Nikamuambia weye ni muongo. Nilimuambia hivyo mbele ya batu bote. Kisha Issaka akafika na barua yako, nikamuuliza, akaangalia chini: "Mama Léa, ni kweli alikuwa ndani ya jeep. Nilimupita ku njia."

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Nilirudia kusoma. "Nilinyoosha kidole tu." Mutoto ya mama yangu! Kidole ya mutu wa kanoni inafanya kazi gani ingine? Weye ulituambia kwamba uliacha juu haukutaka tena kutuma kifo mahali haufiki. Sasa unaniandikia sawa mutu anataka nimupigie makofi, juu amepeleka kifo kwa jirani.

Sikatai kama Vulamba imepona. Namushukuru Mungu. Lakini "mahali hakuna mutu," ni wapi mu hii inchi yetu? Kila kilima iko na mutu wake. Bale banakimbia kutoka huku banaenda wapi, mawinguni?

Niandikie jina. Kama unaogopa barabara, patia Issaka aiweke ndani ya kofia yake. Iko na mizigo ya kupeleka upande wa kusini, vitu vyangu kidogo, muchele na chumvi. Nataka kujua njia gani asipite.

Léa


Butembo, tarehe 13 Februari

Yaya Léa,

Maneno yako iliniumiza, mais ulisema sawa mukubwa. Basi sikiliza yote, kisha uhukumu.

Ananie alipotaka mahali ingine, nilizunguka kilima zote mu kichwa. Hii iko na masomo ya batoto. Hii iko na kahawa ya batu. Hii iko na bakimbizi mu chapelle. Kila mahali nilikuwa naona mutu anatoka ku mulango. Nilijiuliza: nani alinipa ruhusa ya kumuambia Ananie, "Kaa ku shamba ya mutu fulani"? Nilifika mwisho, nikaona mahali moja tu niko na haki ya kutoa, juu ni yangu na yako.

Kitsimba.

Tulienda na jeep mpaka ku kilima ya mbele, ng'ambo ya mutoni, nikamuonyesha kutoka pale. Kanoni ziko ku kichwa ya shamba, pale baba alipanda eucalyptus. Vita ikiisha tutakuta mashimo na miti imevunjika, na nitakulipa sehemu yako, ao chukua yote. Niliona ni afazali tupoteze sisi kuliko kupotezesha mutu mwingine. Wewe mwenyewe uliniandikia: hakuna mutu, ni majani tu. Nilishika ile maneno yako sawa mutu anashika kamba.

Sasa umejua. Kama unaona nilikosea, niambie kwenye nilikosea.

Issaka asipite njia ya Kitsimba. Banasema bale ingine bamefika karibu.

Mudogo wako,
Stanislas


Beni, tarehe 14 Februari

Kakule

Falonne iko kule. Falonne na Luc na Bénie bako Kitsimba.

Balifika kule tangu mwezi wa kumi. Mimi njo nilibapeleka. Nilikudanganya. Hakukuwa bachoma makala. Ile moshi ni ya jiko ya mutoto yangu. Niliogopa utabafukuza juu ya ile maneno tulisema mbele ya familia, na hawakuwa na mahali ingine. Nilisema nitakuambia mavuno ikiisha. Luc alijenga nyumba chini, karibu na source ya maji, nyuma ya miti. Kutoka ng'ambo haionekani. Kwao hakuna réseau, simu haipiti, nimeita nimeita.

Nimemupa motard hii barua. Aniue kwa bei, haizuru. Kakule toka sasa hivi. Usisome mara ya pili. Toka.

Léa


Butembo, tarehe 20 Februari

Yaya Léa,

Issaka alishakuambia kwa mudomo. Mais lazima usikie kwangu.

Motard wako alinikuta Kimemi ku daraja, tarehe kumi na tano, tunamwanga béton. Nilisoma, nikapanda nyuma ya ile ile pikipiki yake bila kuaga bafanyakazi. Tulikimbia. Kufika ku mutelemuko ya mutoni, kanoni za Ananie zikaanza. Masikio yangu haisikii simu, ile niliisikia ku mifupa. Motard alisimamisha, akasema, "Papa, mimi niko na batoto." Nilishuka, nikaendelea na miguu.

Kisha bombe ya bale ingine ikarudi. Nilijua itarudi. Nilikuwa nahesabu ndani ya kichwa, Yaya, ile hesabu ya zamani, na nilijua hii itaanguka fupi, chini ya kilima, upande ya source. Nililala ku majani nikiita Falonne sawa mwenda wazimu, na sikusikia hata sauti yangu mwenyewe.

Ilipotulia batu ba kijiji ya jirani balianza kupanda kutoka kule chini. Falonne alikuwa kati yao, bila viatu, Bénie ku mugongo. Aliniona. Niliinua mikono. Alinipita sawa mutu anapita muti.

Luc hapana, Yaya. Alikuwa amebasukuma batoke, kisha akarudi kufungua mbuzi. Nilimukuta ku mulango ya kibanda. Nilimubeba mimi pamoja na catéchiste ya pale. Barabara ilikuwa imefungwa, tukamuzika kesho yake pale pale, na sala fupi. Falonne alisimama ng'ambo ya kaburi, hakulia, hakuniangalia.

Nilipanda kwa Ananie. Nilikuwa nataka kumupiga. Nilimuuliza: "Ulikuta batu, hukubatoa juu ya nini?" Alishangaa, kweli alishangaa, uso yake ikakuwa sawa ya mutoto:

— Mon commandant, bibi ule alisema yeye ni mupwa wako. Tukafikiri unajua. Wewe njo ulitoa shamba!

Niligeuka, nikashuka.

Falonne iko ku salle ya paroisse, ku kanisa, hapa mujini pamoja na bakimbizi. Nilimuletea blanketi, akamupa mama mwingine mbele ya macho yangu. Kuingia mu nyumba yangu amekataa. Bénie ni muzima, anakula.

Nilienda ng'ambo ya mutoni, nikanyoosha kidole, nikarudi nyumbani. Ningevuka, Yaya. Ilikuwa karibu tu. Ningevuka ningeona kibanda, ningeona nguo za mutoto ku kamba.

Stanislas


Butembo, ku paroisse, tarehe 6 Machi

Noko Stanislas, mujomba wangu,

Mama anasema nikuandikie, juu unakuja kila siku kusimama ku mulango ya salle sawa mutu anangoja visa. Mama mwenyewe anatuma barua na Issaka kila safari, zake na zile ulimuandikia. Nimesoma zote. Basi naandika, na mama atasoma pia, juu nimemutumia copie. Sitaki tena kuwe barua ya huyu na barua ya ule.

Nitakuambia kitu haujui. Siku askari balikuja na kanoni, tulikuwa tunapalilia. Niliogopa. Nilimuambia Luc: tukimbie, turudi hata Beni, afazali ile hofu nimezoea. Luc alienda kuuliza bale askari, nani amebaruhusu. Bakamuambia: mwenye shamba, ingénieur, mukubwa wa kanoni wa zamani. Luc akarudi anacheka. Noko, alirudi anacheka! Alisema: "Kama ni noko mwenyewe amebaweka hapa, basi hapa njo salama. Ule mutu anajua bombe inaanguka wapi. Hawezi kuweka kanoni mahali sisi tunalala." Nikamuambia noko hajui kama tuko hapa. Akasema: "Mama hawezi kukosa kumuambia. Ni kaka yake." Tukaendelea kupalilia.

Hivyo njo tulibaki. Si juu hatukukuwa na njia. Tulibaki juu tulibaamini, weye na mama, bote wawili.

Sasa mama analia, anasema kosa ni yake. Weye unasimama ku mulango, unasema kosa ni yako. Mama anaandika "ni mimi nilidanganya." Weye unaandika "ni mimi sikuvuka." Nimechoka, noko. Mulikuwa munagombania shamba, sasa munagombania kifo ya bwana yangu. Kila mutu anaivuta kwake. Mimi ile kifo njo yangu. Yangu na ya Bénie. Muiache.

Kanoni zimehama. Banasema zimeenda mbali, sikuuliza wapi. Maharagi yangu imekomaa, na kama sitavuna itaoza. Luc njo alipanda. Kesho kutwa narudi Kitsimba. Usinitumie pikipiki, usinitumie blanketi.

Kitu moja nataka kujua. Siku mutagawana ile shamba ya babu, ile kamba yenu ya kupimia itapita wapi? Ile mahali Luc amelala, itakuwa upande ya nani? Nataka kujua nani nitamuomba ruhusa ya kuweka maua.

Falonne


Kitsimba, tarehe 17 Machi

Kakule,

Nilifika huku mbele yako, juu weye ungali unatafuta maneno na mimi yangu iliisha. Issaka alinishusha ku kichwa ya njia. Alitaka kunibebea mufuko, nikakataa. Nilitaka kushuka peke yangu.

Mahali pa kanoni majani imeungua, miti ya baba imelala yote upande moja. Nilipita pale bila kusimama. Chini, kibanda haina paa, bameweka bâche ya plastiki. Falonne alikuwa mu maharagi. Aliinua kichwa, akaniona. Nilingoja anifukuze ao anikumbatie. Hakufanya hata moja kati ya hiyo mbili. Aliniambia, "Ile mustari bado," akanionyesha na kidevu. Nikafunga kitenge, nikainama.

Tulivuna mpaka jua ikashuka. Jioni aliniwekea chakula ndani ya sahani, akaweka chini karibu na mimi, na yeye akala pembeni na Bénie. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu Bénie alikuja kulala ku magoti yangu, na Falonne hakumuita.

Leo asubuhi nilienda kwa chef wa kijiji. Nilimuambia andika: shamba ya Kitsimba, kutoka ku mutoni mpaka ku kichwa ya kilima, yote ni ya Falonne, na nyuma yake ni ya Bénie. Akaniuliza, na kaka yako? Nikamujibu kaka yangu amekubali. Sikukuuliza, Kakule. Ni mara ya pili nasema kitu juu ya hii shamba bila wewe kujua, mais hii ya leo nakuambia siku ile ile, na niliisema mbele ya Falonne. Hakusema asanti. Alisema tu, "Basi kaburi iko kwangu," akarudi ku kazi.

Kama unakataa, kuja kukatalia hapa, ukisimama pale kaburi iko. Kama unakubali, kuja vilevile. Vuka mutoni na miguu. Usipite kwa chef, usimulete padiri, usilete zawadi. Usianze kuomba musamaha ku mulango, hataki kuisikia, na mimi pia sitaki. Maharagi ni mingi na mikono yetu ni kidogo.

Nilimuuliza kama ukuje. Alimaliza kwanza mustari yake ya maharagi. Kisha akasema: "Akuje na jembe yake. Ya Luc sitamupa."

Yaya wako,
Léa Kanyere